Mwezi na Nyota ya Bibi

Leo nimefungua mfuko wa dagaa wakavu jikoni, na harufu yake ikanirudisha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mchanga tulipolala sisi wakimbizi tukingoja meli ya kutupeleka kambini. Sina hakika na kila kitu, nilikuwa mdogo.

Alfajiri alipita kijana mpiga picha, akasema mkanda wake umebaki na picha moja tu na atatupiga bure. Nikakimbilia mbele yake nikasimama wima. Bibi akanivuta nyuma, akanyoosha kidole juu ya vilima, mahali mwezi mwembamba ulipokaa karibu na nyota kubwa ya asubuhi.

"Piga vile viwili, mwanangu. Nyumbani nyota ile ndiyo ilikuwa inatuamsha kwenda shamba."

"Bibi, kwa haka kakamera itatoka giza tupu. Nikupige wewe na mjukuu."

"Sisi si tupo? Piga vile."

Nikaanza kulia.

"Nyamaza," Bibi akasema. "Wewe utapigwa nyingine."

Kwa haki niseme, kijana alimwonya. Mimi nilimnunia Bibi mpaka ndani ya meli.

Miezi kadhaa baadaye kijana yule alituletea picha kambini. Mwezi ulikuwa doa dogo kama chembe ya unga, na nyota haikuonekana kabisa. Ila pembeni, mwanga wa kamera ulikuwa umenasa mkono wa Bibi ulionyooka, na kidole chake kilichopindishwa na jembe.

Mimi nimepigwa nyingi tangu wakati ule. Ya Bibi ni hiyo moja tu.