Mota ya Mamajusi

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Nilimwahidi padri kwamba Noeli hii sanamu za mamajusi wa parokia hazitasimama kama walinzi wa getini: zitasogea polepole kuelekea pangoni, zikiendeshwa na mota. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Likasi, na yote niliyoyajua juu ya mota niliyaona kwenye simu.

Mota yenyewe niliing'oa kwenye fotokopi iliyokufa. Ni ile inayokwenda hatua kwa hatua, ina waya nne, na haikubali kuunganishwa na betri hivihivi. Inataka kadi ndogo ya kuiendesha, ukubwa wake kama kipande cha sukari. Nilikuwa na kadi mbili kutoka Lubumbashi, betri ya pikipiki, kwa kuwa umeme wetu una tabia zake, na Papa.

Papa alikuwa fundi umeme wa kiwanda miaka thelathini. Tangu astaafu alikuwa anazeeka kwa kasi iliyonitisha. Alishinda jikoni akimsahihisha Mama namna ya kusonga bukari, mpaka Mama akaniambia nimtafutie mzee kazi kabla hajala mwiko. Padri alitaka mamajusi. Mimi nilitaka baba yangu arudi kuwa mtu wa kazi, hata kwa wiki moja.

Tuliunganisha waya kwa kubahatisha. Mota ikazunguka! Ila mamajusi walienda kinyumenyume, wakimkimbia Mtoto Yesu kana kwamba anawadai.

"Ile haiko shida," Papa akasema, akizishika zile waya kama alivyofanya kiwandani. "Badilisha bafil mbili, zozote. Moteur ya ku usine ikienda ya nyuma, unabadilisha bafil mbili, inatii. Lakini kata courant kwan..."

Hakumaliza. Nilikuwa nimeshachomoa waya kabla ya kukata umeme wa betri. Kadi ikatoa moshi mwembamba, na harufu yake ikamfikisha Mama mlangoni. Kwa kiherehere nikachomoa waya zote, bila kuandika ipi ilikuwa wapi. Tukaweka kadi ya pili, tukabadilisha waya mbili kama alivyosema Papa. Mota ikanguruma, ikatetemeka, haikwenda mbele wala nyuma.

"Papa, hii haiko moteur ya ku usine!" nikafoka. "Mambo yako ya zamani haina kazi hapa!"

Akaweka bisibisi mezani taratibu, akatoka. Laiti angenitukana. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimemtupia yeye, tena mbele ya Mama. Siku ile hakuingia hata jikoni.

Asubuhi nilimkuta mezani na mota mkononi.

"Mama, kuya ushike," akaniambia. Huniita hivyo, mimi binti yake, akiwa hana kinyongo. Alikuwa ameichomoa mota kutoka kwenye kadi na kugusisha ncha za waya mbili. "Zungusha." Nikazungusha mhimili kwa vidole, ukaenda laini. Akagusisha nyingine mbili. Safari hii mhimili ukakaza, kama kifuniko cha chupa ya asali. "Hizi mbili njo za bobine moja," akasema, yaani koili ya ndani ya mota. "Zile ingine, za bobine ya pili. Minye nilisema zozote, nilidanganyika. Unabadilisha za bobine moja tu."

"Papa, unisamehe," nikasema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kata courant."

Nikakata. Tukapanga waya, tukawasha, na mamajusi wakaelekea pangoni, kwa adabu.

Siku ya Noeli padri alinisifu mbele ya waumini wote. Nikageuka nimwonyeshe fundi wa kweli, lakini nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Alikuwa nyuma ya pango, amepiga magoti na suti yake, kiganja juu ya mota. Mwanamke mmoja aliyedhani anasali akapiga magoti kando yake.

"Iko napata moto kidogo," Papa akaninong'oneza. "Inaomba muntu wa kuichunga."

Mota hizi hupata moto, ndiyo kawaida yake. Nilijua, lakini sikumwambia. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilimkuta mlangoni amevaa ovaroli lake la kiwanda, limepigwa pasi.

"Papa, unaenda wapi?"

"Ku kazi," akasema.