Kilio Kisicho na Maiti

Siku yangu ya kwanza katika redio yetu hapa Kasongo, nilifika nimekariri taarifa ya habari nzima. Mkuu wa vipindi akanipokonya karatasi.

"Mama Zaina, maneno iko mingi mu redio hii. Miye nataka sauti tu."

Nikadhani amelewa. Kumbe alikuwa anaunda kikundi cha kuimba bila maneno, wanawake peke yao. Alitufundisha kupokezana pumzi, yaani mmoja akivuta hewa wenzake wanashikilia, sauti isikatike. Alitufundisha na kusaga, ndiyo kukwaruza sauti kooni taratibu. Kwa midomo tulitengeneza mvua, kinu, hata pikipiki iliyokwama matopeni. Majirani walisema nimerogwa. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata katika kazi nyingine.

Mkurugenzi mpya hakupendezwa. "Watu banauliza hii ni nini. Tunaenda Kabambare, mutaimba mu soko. Bakiuliza tena, kikundi nafunga."

Safari nzima juu ya pikipiki sikuwaza jambo jingine.

Katika uwanja wa soko tukaimba kilio cha msiba. Tulikuwa tumekizoea mno mazoezini, tukasahau kwamba kwetu kilio hakisikilizwi, kinaitikiwa. Hatujafika katikati, wanawake wakaacha biashara zao, wakajifunga vitenge kiunoni, wakaja mbio. Mama mmoja mzee akanishika mkono.

"Ni nani alikufa?"

"Hapana mutu, mama. Ni muziki."

"Munalia bila maiti?"

Mkurugenzi alikwisha kuinuka atuondoe. Yule mama hakuniachia.

"Basi muliliye mutoto wangu, Amisi. Shimo ya zahabu ilimufunika kule Salamabila. Hatukuona mwili, hatukukaa kilio."

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Siku hiyo tulianza wa mbali. Tuliimba upya tangu mwanzo, mama yule akaingia kwa sauti yake, wanawake wote nyuma yake. Nililia kweli. Mkurugenzi alivua kofia, akaketi chini pamoja na wanaume. Habari ya kufunga kikundi hakuitaja tena.

Sasa nimestaafu. Nawashukuru wakuu wangu wote wawili, na Mungu aliyenipa koo. Vijana wa redio huniuliza kazi ile ilikuwa na faida gani. Nawaambia, tulimlilia Amisi.