Siku za Kurudisha kwa Dada

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno manne: thank, thankful, thankfully, gratitude. Akatutaka tuseme lipi ni jina, lipi ni kitendo, lipi ni sifa na lipi ni kielezi. Nilipofikiwa nikasema gratitude, yaani shukrani, ni kitendo. Rula ikanishukia vidoleni. Darasa likacheka, na kwa kuwa wasichana tulikuwa wachache, wavulana walicheka kwa raha zaidi.

Sikuwa nimebahatisha. Nyumbani kwetu, milimani Upare, mtu akikulimia humwambii asante. Asante ya mdomo ni ya mgeni, mtu aliyekuelekeza njia na hamtaonana tena. Wa kwenu unamrudishia siku: unabeba jembe, unakwenda kwake, unamlimia. Usipokwenda, hata ushukuru mpaka sauti ikauke, watu watakusema.

Nami nilikuwa na siku nyingi za kurudisha kwa dada yangu. Baba alishatamka kwamba msichana asiyelima ngwe yake ya shamba hasomi. Dada, aliyekwisha kuachishwa shule yeye mwenyewe, akawa anamaliza ngwe yake kisha anaingia yangu, nguo imelowa ukungu na jasho, mimi niko darasani nagombana na vielezi. Hakulalamika. Alinitania tu.

“Soma, bibi karani. Nikiolewa utakuja kunilimia mpaka mikono iote sugu.”

“Nitakuja, dada,” nilimjibu, na nilikusudia hivyo kwa moyo wangu wote.

Aliolewa katika kijiji cha Mamba. Mwaka uliofuata, kabla shule haijafungwa nikapata nafasi ya kwenda kumlimia, uchungu wa mtoto wa kwanza ukamshika vibaya. Wanaume wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali ya Gonja, mvua inanyesha, njia utelezi mtupu. Hawakufika. Alikata roho njiani, na mtoto naye hakupona.

Siku ya mazishi sikulia sana. Wanawake walinong'ona kwamba shule imenikausha moyo. Waliniudhi. Nilikuwa bado na kazi ya dada mikononi, na kazi hiyo ndiyo iliyonisimamisha wima.

Likizo ilipoanza nilichukua jembe la mama, nikapanda hadi Mamba. Maharage ya dada yalikuwa yamemezwa na magugu. Nilikunja nguo, nikashika mpini, lakini kabla sijalitia jembe ardhini mama mkwe wake akatokea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Unafanya nini hapa?”

“Nimekuja kumlimia dada.”

Alikuwa mama mpole, na upole wake ndio ulioniumiza. Akanishika mkono, akalitoa jembe taratibu, akaliegemeza kwenye mgomba.

“Mume wa dada yako ataoa mwingine, naye ndiye atakayelilima shamba hili. Wewe sasa ni mgeni wetu. Njoo ukae, ule.”

Akanipakulia makande kwenye bakuli zuri. Nilikula, kwa sababu sikulelewa kukataa chakula cha watu. Nilitamani aniache nilime hata mstari mmoja.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka njia panda, akanikabidhi jembe.

“Asante kwa kuja, mwanangu,” akasema.

Nikateremka mlima nikilia kwa sauti, jembe begani, halina hata chembe ya udongo.