Riwaya ya Kusoma Tu

Jumamosi, katika duka la vitabu katikati ya jiji, mama mmoja mbele yangu aliweka riwaya mpya kwenye kaunta, akalipangusa jalada kwa kiganja.

"Nimeiandika mwenyewe. Nimekuja na nakala tano kutoka mtaa wa Woodley, naomba mniuzie hapa dukani."

Muuzaji hakuifungua. "Ni ya darasa gani, madam?"

"Si ya darasa. Ni ya kusoma tu."

"Ya kusoma tu?" Alimgeukia mwenzake, wakacheka. "Aki madam, hapa watu wananunua yenye itakuja kwa mtihani. Ikichaguliwa kusomwa shuleni, rudi."

"Basi wekeni hata moja."

Alirudishiwa riwaya yake, ikisukumwa kwa kidole kimoja. Akaitia mkobani, akaondoka bila kuaga.

Mimi, bingwa wa midahalo chuoni, nilipandwa na hasira. Taifa gani hili linalofungua kitabu kwa kuogopa mtihani tu? Nikaijongea kaunta nimpashe muuzaji.

"Na wewe, sista?"

Nikatazama mkononi. Nilikuwa nimeshika mwongozo wa riwaya ya shule, muhtasari wa kumwezesha mdogo wangu kupita mtihani bila kuisoma riwaya yenyewe.

Nikauweka kwenye kaunta, nikalipa.