Zulia Lililotoka Kikambala

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu wala ya kuzaliwa kwa watoto wangu. Ni mchana wa kawaida, nje ya stoo ya hoteli kule Kikambala, niliposema neno moja: "Nalichukua." Laiti ningesema "Hapana, ahsante," leo nisingekuwa na haya ya kukueleza.

Katika hoteli ile nilifanya kazi miaka mingi, nikitandika vitanda na kupanga vyumba. Nyumba yangu iko Barani, hapa Malindi, na wakati huo nilikuwa nikija mwisho wa mwezi tu, nalala siku chache kisha narudi kazini. Sasa ukikaa na vitu vya wageni muda mrefu, macho huharibika bila wewe kujua. Unaanza kuitazama nyumba yako kama mtu asiyelala ndani yake. Mimi nilifika mahali nikawa naingia kwangu na kuona aibu.

Mwaka huo hoteli ilikuwa ikibadilisha mapambo ya vyumba, na vitu vya zamani vikawa vinagawiwa wafanyakazi. Katana, msimamizi wa stoo, akaniita pembeni.

"Baba Zuhura, njoo uone. Zulia jekundu hili, limekanyagwa na mabwana wakubwa. Nimekufichia wewe kabla fisi hawa hawajaliona."

Zuhura alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Homa ilimchukua akiwa bado mdogo, hata shule hajaizoea, lakini watu hawakuacha kuniita kwa jina lake, nami sikutaka waache. Aliyebaki ni mdogo wake, Riziki, na juma lile Riziki alikuwa akija kuposwa na watu wa Mombasa. Katana alilijua hilo.

"Wakwe wa Mombasa utawakalisha juu ya majani, wewe?" akaniuliza akicheka. "Lakini nami unikumbuke. Zile kawa za mkeo na vile vipepeo vyake vya kupepea moto, niletee. Meneja anatafuta vitu vya kienyeji atundike kwenye vyumba vipya. Wazungu wanavipenda mno."

Nikasema: "Nalichukua."

Hata swali ambalo mtoto angeliuliza mimi sikujiuliza: ikiwa kazi ya mke wangu inafaa kuta za hoteli, mbona haifai kuta zangu? Na ujue, mwanangu, mimi nimesoma. Nilipokuwa sekondari niliandika insha juu ya methali, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikaeleza vizuri kabisa kwamba mbacha ni mkeka mkuukuu, na kwamba mtu asitupe chake kilichochakaa kwa ajili ya kizuri cha kupita. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Kumbe kuijua methali ni kitu kimoja, na kuisikia ikikuita jina lako ni kitu kingine.

Acha nikueleze nyumba ilivyokuwa. Mke wangu, Mishi, alizaliwa vijiji vya nyuma ya Kilifi, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alinunua ukindu, majani ya mkindu, kwa mafungu, akauanika, akauchana kwa kisu kidogo mpaka ukawa miaa myembamba ya upana mmoja. Alikuwa na sufuria yake nyeusi ya kuchemshia rangi, na ole wako uipikie ugali. Zambarau, kijani, nyekundu. Miaa iliyotiwa rangi aliianika kivulini, kwa sababu, akisema, jua ni mwizi wa rangi.

Kwa mikono hiyo nyumba ilipambika. Kawa za kufunikia chakula zilitundikwa ukutani kama miezi, kubwa na ndogo. Mlango wa chumbani ulikuwa na pazia la kombe za baharini, ambazo wanangu waliziokota na kuzitunga kwenye uzi, na mtu akipita zililia kwa sauti nyembamba. Vijiko vilikaa ndani ya kifuu cha nazi kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Hakuna kilichotoka dukani, na hakuna kilichokuwa kibaya. Mimi ndiye niliyekuwa na macho mabaya.

Lakini mwenye nyumba, tuseme, alikuwa mkeka wa sebuleni. Mkeka, kama hujawahi kuona ukitengenezwa, husukwa kwanza ukanda mrefu mwembamba unaoitwa ukili. Ukili unaweza kusukwa na yeyote, hata mtoto, huku watu wanapiga soga. Kisha mama mwenye subira huchukua sindano na kuushona, ukanda kwa ukanda, mpaka unakuwa mkeka. Ule wetu Mishi aliushona mwaka uliofuata baada ya kumzika Zuhura. Ulikuwa mkubwa na umenyooka kama mstari wa daftari, isipokuwa karibu na mlango. Pale palikuwa na ukanda mmoja uliopinda, miaa imerukwa hapa, imebanana pale.

Siku ya kwanza niliyouona, nimetoka Kikambala na mfuko begani, nilicheka.

"Mama Zuhura, hapa ulisinzia?"

"Labda nilisinzia," akasema, akaenda kunitilia maji ya kuoga. Nami sikuuliza tena, ila kila nilipokuja na wageni niliwaonyesha pale na kusema, "Hapo mke wangu alilala," tukacheka sote. Naye alikuwa akitusikia.

Basi, juma la posa likafika. Mishi na Riziki walikwenda Kilifi kwa dada yake Mishi kuchukua vikombe na sinia za kuazima, walale huko na kurudi kesho yake. Kabla ya kutoka Mishi aliniambia, "Mkeka uache hapo hapo. Nikirudi nitaufuta kwa maji ya ndimu, uwe tayari. Wageni wa posa hukalia mkeka wa mama."

Nikaitikia, "Haya." Sikumwambia habari ya zulia. Nilitaka kumshangaza, mwanangu. Wengi wetu tunaoharibu nyumba zetu hatuna nia mbaya, tunataka kushangaza.

Mchana ule ule Katana akaja na gari la mizigo. Tukatandika zulia. Tukazishusha kawa na vipepeo, akavifunga kwenye shuka na kuvipakia. Mkeka nikaukunja, nikausimamisha nje ukutani. Huko nje palikuwa na fundi niliyemwita kusakafia baraza ili nayo ipendeze, akawa anatafuta mahali pa kukorogea saruji isichanganyike na udongo.

"Mzee, huna bati kuukuu au gunia?"

Nikautazama mkeka. "Chukua huu."

Fundi akaugusa kwa kidole. "Huu? Mbona bado mzima huu?"

"Mzima wa nini? Korogea. Leo nyumba hii ina zulia."

Akautandaza chini, akamwaga mchanga, akamwaga saruji, akamwaga maji. Katana akapiga makofi. "Sasa ndiyo umekuwa meneja!" Nami nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikitazama wekundu ulioijaza sebule yangu, nikajiona mtu.

Kesho yake alasiri Mishi na Riziki wakarudi. Mishi alikuwa na sinia kichwani. Hakuingia ndani. Aliuona mkeka pale pale fundi alipouacha, umebeba mabaki ya saruji yaliyokwisha kushika, umekuwa mgumu kama mlango. Akaitua sinia chini polepole, akapiga magoti, akaanza kukwangua kwa kucha upande mmoja, ule uliokuwa ukikaa karibu na mlango.

"Nitakununulia mwingine," nikasema. "Ingia kwanza uone ndani."

Riziki ndiye aliyejibu, huku machozi yanamtoka, na ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kunipandishia sauti.

"Utamnunulia wapi, Baba? Huo ni ukili wa Zuhura! Alisuka mmoja tu maishani mwake!"

Ukanda uliopinda. Mahali nilipowachekesha wageni.

Baadaye, tulipokuwa wawili jikoni, nilimwuliza Mishi kwa nini hakuniambia miaka yote ile. Alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Ulikuwa Kikambala alipousuka. Na ulipokuja ukauona, ulicheka. Nikasema nitakuambia siku utakayouliza bila kucheka."

Nikatoka nje kuing'oa ile saruji, na mkeka ukakatika vipande vipande pamoja nayo.

Wageni wakaja, kwa kuwa posa haingojei huzuni ya mtu. Zulia, mwanangu, lilikuwa limekaa stoo masika mazima, na tulipofunga madirisha kuzuia nzi likaanza kutoa harufu yake: unyevu, na sigara za watu nisiowajua. Nyanya yake bwana harusi, bibi mzee wa kanga mbili, aliingia, akasimama katikati, akanusa.

"Hiki chumba kilifungwa tangu lini?"

Wajomba wakakohoa kuficha kicheko.

"Karibu kitini, bibi. Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Magoti yangu na viti hayapatani. Na hapa chini kwako pananiwasha. Nyumba ya mwanamke wa Kilifi imekosa mkeka?"

Ikabidi jirani akimbiliwe, ukaletwa mkeka wake, ukatandikwa juu ya zulia langu jekundu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku ile yangu yalionekana na Mombasa nzima. Posa ilikubaliwa, namshukuru Mungu. Mishi alipokea wageni kwa heshima, akacheka panapostahili kuchekwa. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akitazama chini kila mtu alipopita pale karibu na mlango.

Walipoondoka, alichukua mafungu yake ya ukindu, miaa iliyokwisha kutiwa rangi, sindano na ile sufuria nyeusi, akampa jirani mwenye mkeka. "Nimechoka nayo," akasema. Nikadhani ni hasira za siku mbili. Nilimletea ukindu mpya kutoka sokoni, fungu zuri. Akanishukuru, akauweka juu ya kabati, ukakauka huko mpaka ukawa unavunjika. Tuliishi pamoja miaka mingine mingi, kwa wema, na hakuwahi kunitupia lile jambo usoni. Ila mikono yake, iliyokuwa haijui kukaa bure, ilijifunza kukaa bure.

Zulia halikumaliza masika ya pili. Paa lilivuja, zulia likaota ukungu, nikalikokota nje mwenyewe. Nikaenda Kikambala kuziomba zile kawa. Hoteli ilikuwa imebadilisha mapambo tena, na Katana mwenyewe hakujua zilikokwenda. Akainamisha kichwa. Sikumlaumu. Zulia alilileta yeye, lakini mdomo uliosema "nalichukua" ulikuwa wangu.

Juzi binti yake Riziki alikuja na simu yake, akanionyesha picha za sebule za watu huko Nairobi. Kuta nyeupe, na juu yake kawa zimetundikwa.

"Babu, kawa kama hizi ndizo alizokuwa akitengeneza Nyanya? Tutengeneze na sisi. Tunaanzaje?"

Nikamwambia akamwulize mama yake. Riziki anajua kusuka ukili. Kawa hajui, na kushona mkeka hajui. Mishi alikuwa amfundishe baada ya harusi. Nami niliyelala juu ya mkeka ule miaka yote sikujua hata kumwonyesha mtoto mwaa wa kwanza unaanzia wapi. Majuto ni mjukuu, walisema. Wangu alikuja na simu mkononi.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayepanga nyumba yako. Sikukatazi zulia. Nunua, kama linakupendeza na umelipata kwa halali. Lakini kabla hujaondoa kitu chochote ukutani au sakafuni, uliza kwanza kimetoka katika mikono ya nani, na uulize bila kucheka. Kazi ya mtoto iliyopinda usiifiche uvunguni mgeni akija. Ipe mahali pa mbele, maana mtoto hapindi mara mbili kwa namna ile ile, na wengine hawapati mara ya pili. Jioni moja zima hiyo televisheni, nunua fungu la ukindu au okoteni kombe ufukweni, ukae chini na watoto wako na mama yao, mharibu na kurekebisha pamoja. Mimi sikukaa hata jioni moja. Na ukiona aibu ya nyumba yako, chunguza kwanza macho yako. Huenda nyumba haina kosa.

Nina kipande kimoja cha saruji, nimekiweka dirishani. Niliking'oa siku ile kwenye mkeka, na chini yake pamebaki alama za ukili. Asubuhi hupitisha kidole pale, nikasikia mahali vidole vidogo viliporuka mwaa mmoja, vikaurudia, vikaruka tena.

Mungu akujalie nyumba yenye mikono ya watu wako kila unapokanyaga, akujalie na macho ya kuiona wangali hai. Mimi nilipewa yote hayo. Kwa zulia lililooza kwa masika mawili, nilitoa kazi pekee iliyobaki ya mikono ya mwanangu Zuhura, na mama yake hakusuka tena mpaka tulipomzika.