Mama yangu alivyozima "moto" Hispania, na binti yangu akafunguka Kiswahili

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili, wengine mambo vipi.

Hii ninayowaletea sijaitia chumvi hata punje. Ilitokea likizo ya Julai, 2018, na shahidi ni mama yangu mzazi, mtu ambaye hata umri wake hadanganyi.

Kwa wasionijua, mimi ni Mtanzania, naishi Joburg miaka mingi sasa. Nina mke mmoja na binti mmoja, Lulu, wakati huo ana miaka tisa. Kazaliwa huku huku. Kiingereza anacho, Kizulu cha shuleni anacho, Kiswahili anakisikia vizuri kabisa ila hakiongei. Ukimwambia "niletee maji" analeta, halafu anakwambia "there you go, Baba".

Sasa hapo kuna siri, na niiseme tu maana mkosaji ni mimi.

Zamani Lulu alikuwa anaongea. Alikuwa anashinda kwa dada mmoja Mkongo pale Yeoville, msusi wa mke wangu. Wakongo wao husema "kukula" wakimaanisha kula tu. Siku moja, Lulu ana miaka mitano, tukampigia Bibi yake Korogwe. Mtoto akasema kwa furaha, "Bibi, nakuja kukula!"

Yaani kwa Kiswahili chetu sisi, anakuja kumla bibi yake.

Nilicheka mpaka machozi. Sikuishia hapo, nikaipeleka kwenye group la ukoo. Mashangazi wakawa kila wakipiga simu, "yuko wapi yule anayekula watu?"

Mtoto akafunga mdomo. Miaka minne, wakuu.

Mama kila simu ananiambia, "Baba Lulu, nitakufa sijaongea na mjukuu wangu." Ilikuwa inaniuma sana. Ndiyo maana tulipopanga likizo ya Hispania nikasema Mama lazima awepo, wakae hawa wawili mahali ambapo hakuna shule wala kazi.

Mji wenyewe ni mdogo, uko kando ya bahari, kimya kweli kweli. Saa nane mchana maduka yanafungwa, madirisha yanafungwa, hata mbwa habweki. Siku ya kwanza Mama akaninong'oneza, "Hapa kuna msiba?" Nikamwambia hapana, wamelala tu.

"Mji mzima?"

Tulifurahi, nisiwe mwongo. Tulikuwa tumeiacha baridi ya Joburg, jua lile lilitutoa kutu. Samaki wa kukaanga tulikula mpaka basi. Mama alivua viatu akaingia kwenye maji na kanga yake, wazungu wakaomba kupiga naye picha.

Ila mezani Mama anaongea Kiswahili, Lulu anajibu Kiingereza, mimi katikati natafsiri kama mkalimani wa mkutano wa injili.

Siku ya tano, mchana ule wa kimya. Mama yuko kwenye balcony ya ghorofa ya kwanza anafua kanga zake kwenye ndoo. Mashine ya kufulia ilikuwepo, alisema haiamini. Chini, mama mmoja jirani yetu karudi na mizigo yake, akakuta pikipiki ya mumewe imeziba mlango na mume mwenyewe kainama anaifuta. Yule mama akapaza sauti:

"La moto! La moto!"

Wakuu, kwa Kihispania moto ni pikipiki. Mama yangu angejulia wapi? Hakuuliza. Alinyanyua ndoo na maji yake ya sabuni akamwaga yote chini.

Mzee wa watu akalowa kuanzia upara hadi viatu.

Mama akageuka kutafuta ndoo nyingine, anapiga kelele, "Moto! Tokeni nje! Mchukueni mtoto!"

Hapo ndipo Lulu alipotoka mbio ndani, akamng'ang'ania mkono.

"Bibi, acha! Moto siyo moto! Moto ni pikipiki!"

Mama akaiachia ndoo. Wala hakumwangalia mzee kule chini, alikuwa anamwangalia mtoto.

"Umesemaje?"

Lulu akaziba mdomo. Akanitazama mimi niliyekuwa nimefika mlangoni, anasubiri nicheke. Yale macho sitayasahau. Niliona aibu kuitwa baba.

Sikucheka. Aliyecheka ni Mama, anajicheka mwenyewe, mpaka akakaa kwenye sakafu iliyolowa. "Mjukuu wangu, mimi na uzee wote huu nimemmwagia mume wa mtu sabuni kwa neno moja. Na wewe umeninunia miaka minne kwa ajili ya kukula?"

Lulu naye akaanza kucheka. "Pole, Bibi."

"Usinipe pole mimi. Twende tukampe yule mzee."

Wakashuka wameshikana mikono, mimi nyuma yao. Lulu alikuwa kadaka Kihispania kidogo kwa watoto wa ufukweni, akaeleza kwa maneno manne na ishara nyingi. Yule mama alicheka akaegemea ukuta. Mumewe akatuonyesha pikipiki, eti imetakata. Jioni wakatualika wali wa samaki, na Lulu ndiye aliyekuwa mkalimani wa Bibi. Ngeli zote alizivuruga. Mimi nikala wali wangu kimya.

Tulirudi wote Joburg, na baada ya wiki Mama akapanda ndege ya Dar. Pale airport Lulu akamkumbatia, akasema taratibu huku ananikata jicho:

"Bibi, Desemba nakuja kukula."

"Njoo unile, mjukuu wangu. Mifupa umwachie baba yako."

Nililia mbele ya walinzi, siwafichi.

Nilichojifunza ni kimoja: mtoto akikosea neno, meza kicheko chako. Sasa wenye watoto wa ughaibuni, tusidanganyane hapa. Ni nani mwingine amemfunga mwanawe mdomo kwa kicheko? Mimi nimeshakiri, nawasoma.