Alama za Mwalimu Ghalia

Miaka ishirini na sita Bi Ghalia akisomesha hesabu katika shule ya wasichana ya mji wa Ibra, na hapana aliyewahi kumuuliza kama kazi anaijua. Mwaka huu mkoa ukaamka na mageuzi. Kila mwalimu atakaguliwa darasani, atiwe alama. Atakayekuwa chini ya arubaini, ajira ya kudumu kwaheri, apewe mkataba wa mwaka mmoja mmoja kama kibarua. Bi Ghalia alibakiwa na miaka mitatu kustaafu. Aliogopa, asikuambie mtu. Abaya yake aliipiga pasi mara mbili.

Kamati ikaja saa tatu asubuhi. Mwenyekiti nani? Tahani! Tahani, mwanafunzi wake wa zamani, yule yule wa dawati la nyuma, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, na vikimwishia akiazima vya jirani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wasichana wako tayari, twendeni."

Thubutu! Mwalimu mkuu, Bi Hajar, keshatandika busati: tende, halwa, sambusa, madele ya kahawa. Mgeni haendi popote hajanywa. Na kikombe cha kahawa, kwa desturi, hujazwa tena na tena mpaka mnywaji akitikise kuonyesha katosheka. Na nani katika kamati angetikisa kabla ya mwenyekiti? Tahani hakutikisa. Alikuwa akieleza mageuzi. Akaeleza mpaka halwa ikaisha, ikaletwa nyingine.

Bi Ghalia akasomesha vipindi vyake vyote, macho mlangoni. Siku hiyo darasa lilichemka: hata Shurooq, msichana mwenye haya zake, alikwenda ubaoni mara tatu. Saa saba na nusu mabasi yakaja, wasichana wakenda zao.

Haikupita robo saa, kamati hiyo ikaingia, inanukia iliki na zafarani.

"Wako wapi wanafunzi?" akauliza Tahani.

"Wamekwenda kwao. Njooni kesho."

"Kesho tuko mji wa Sur, mwalimu. Fomu lazima ijazwe leo."

Akaketi, akaandika. Ushiriki wa wanafunzi: sifuri. Utulivu wa darasa: saba. Ala! Viti vilitulia kweli, haki ya Mungu. Mwisho akajumlisha: kumi na tisa.

Bi Ghalia machozi ya hasira yakamlenga. Akaipokea fomu atie saini. Vipengele vinane, upeo wa kila kimoja alama saba, na chini imepigwa chapa: Jumla kuu, 54. Akasoma tena. Tangu Adamu saba mara nane ni hamsini na sita.

"Fomu hii kaitunga nani?"

"Mimi mwenyewe," Tahani akajibu, kifua mbele. "Imepita kamati tatu."

"Saba mara nane ngapi, Tahani?"

Chini ya dawati, vidole vya Tahani vikaanza kazi.

Bi Ghalia akavitazama mpaka vikamwishia. Kisha akashika kalamu, akatia saini.

"Basi hapa una haki, mwanangu," akasema. "Mwalimu wako alishindwa."